Unarudi kwenye Baiskeli: Gurudumu la Saizi Gani?

Leo nataka kuzungumza na wewe uliyeiacha baiskeli miaka mingi iliyopita na sasa unaitaka tena. Labda watoto wamekua na jioni zako zimepata nafasi. Labda daktari amekwambia mwili unahitaji kutoka jasho. Labda umewaona watu wakipita barabarani asubuhi ya Jumamosi, kofia ngumu kichwani, wakielekea milimani, na moyo ukataka kuwafuata. Sababu yoyote iliyokurudisha, karibu sana. Nina furaha ya kweli kwa ajili yako.

Sasa umekwenda dukani. Ulipoiacha, baiskeli ya milimani, ile ambayo wengi wetu tuliiita baiskeli ya gia, ilikuwa na gurudumu la saizi moja tu: inchi 26. Hakuna aliyekuuliza. Leo muuzaji anakuuliza: unataka ishirini na sita, ishirini na saba na nusu, au ishirini na tisa? Unabaki umesimama. Naye muuzaji ana mzigo wa kuuza, anakwambia chukua 29, ndiyo inayokwenda sasa hivi. Je, ufanye nini?

Jibu langu nitalisema mapema, halafu nitalirudia njiani. Kwa mtu anayerudi, swali la gurudumu ni la tatu. La kwanza ni fremu: inaufaa mwili wako? La pili ni tairi: likichanika, utapata jingine wapi? Ukishajibu hayo mawili kwa ukweli, mara nyingi saizi ya gurudumu itakuwa imeshapatikana.

Lakini kwanza tuzielewe hizi namba, maana zinawapotosha watu wengi, na wanapoteza fedha kwa sababu hiyo.

Unaifahamu Phoenix, ile nyeusi nzito ya kubebea maji, mkaa na mikungu ya ndizi, ambayo ndugu zetu wa Kenya wanaiita Black Mamba. Tairi lake limeandikwa 28 x 1½. Nikuulize: kati ya hiyo 28 na 29 ya baiskeli ya milimani, rimu ipi ni kubwa? Utasema 29, bila shaka. Sivyo. Pale tairi linapokalia, rimu ya 28 ile ya zamani ina kipenyo cha milimita 635. Rimu ya 29 ina milimita 622. Ya babu ndiyo kubwa. Hii nyingine imeitwa 29 kwa sababu tairi lake ni nene: ukipima gurudumu zima, kutoka ukingo wa tairi upande huu hadi ukingo wa upande wa pili, unapata inchi 29 au karibu yake.

Rimu ya 26 ya baiskeli ya gia ina milimita 559. Ya 27.5 ina milimita 584. Hapo kuna jambo la kutazama kwa makini. Ukilisikia jina, ishirini na saba na nusu, unadhani iko katikati kabisa ya 26 na 29. Haiko katikati. Iko juu ya 26 kwa milimita 25 tu, na chini ya 29 kwa milimita 38. Kwa hiyo aliyekuwa na 26 akahamia 27.5 amesogea hatua ndogo. Akihamia 29, amehama kweli.

Sitaki mkariri namba zote hizi. Kariri moja tu, ile ya tairi lako. Chukua kitambaa, futa vumbi pembeni mwa tairi, utaona maandishi madogo, kwa mfano 54-559 au 57-622. Namba ya mbele ni unene wa tairi kwa milimita. Ya nyuma ni rimu. Ukienda kununua tairi, itaje hiyo ya nyuma. Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu kuna 26 na kuna 26. Tairi lililoandikwa 26 x 1 3/8, lile la baiskeli za kawaida za zamani, linakaa kwenye rimu ya milimita 590, na tairi lililoandikwa 26 x 1.75, la baiskeli ya gia, linakaa kwenye rimu ya 559. Yote mawili yanaitwa ishirini na sita. Mtu anatoka Mto wa Mbu mpaka Arusha mjini kununua tairi, anarudi na lisiloingia, nauli imekwenda na siku imekwenda. Itaje namba ndogo, msikilizaji. Itaje hiyo.

Haya, tuje kwenye gurudumu lenyewe linavyofanya kazi. Gurudumu kubwa linafaa nini? Mtoto mdogo akifika kwenye mtaro, anaingia na kupanda. Mtu mzima anauvuka kwa hatua moja. Gurudumu nalo ni hivyo. Likikutana na jiwe au mzizi, gurudumu kubwa linaligusa kwa pembe ya kulala zaidi, kwa hiyo linapanda na kupita, wakati dogo linagonga na kupoteza mwendo. Likifika kwenye shimo, kubwa halizami sana. Kwenye barabara zetu za vumbi zenye matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia, zile zinazokutikisa mpaka meno, tofauti unaisikia mikononi. Na mtu anayerudi baada ya miaka kumi na tano huwa na viganja laini, mabega yaliyozoea kiti cha ofisini, na woga kidogo wa kuanguka. Gurudumu kubwa linamsaidia, linatulia na linasamehe pale alipolenga vibaya.

Na ubaya wake? Ni zito zaidi kidogo, kwa hiyo kuliamsha kutoka kusimama kunataka nguvu zaidi. Kwenye njia nyembamba yenye kona za kubana linataka nafasi kubwa ya kugeuka. Na spoku zake ni ndefu, hivyo ukipenda kubeba mzigo mzito nyuma, au ukipenda kuruka, uwe na fundi anayejua kukaza spoku sawasawa.

Ubishi huu wa saizi uliwahi kufika mpaka Olimpiki. London, mwaka 2012, mbio za baiskeli za milimani za wanaume. Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki alikuwa kwenye 29. Nino Schurter wa Uswisi alikuwa kwenye 27.5, saizi ambayo wakati huo wengi walikuwa hawajaiona mashindanoni. Walifika mwishoni pamoja, na Kulhavý akashinda kwa sekunde moja. Na katika mbio hizo hizo alikuwemo mwana wa Afrika Mashariki, Adrien Niyonshuti, aliyekuwa amebeba bendera ya Rwanda kwenye sherehe za ufunguzi, naye alimaliza mbio. Miaka minne baadaye, kule Rio, Schurter alichukua dhahabu, na safari hiyo alikuwa kwenye 29. Kwa wanaoshindana kwenye njia ndefu za milimani, mjadala ukaishia hapo. Lakini wewe hushindani na Schurter. Unataka kupanda kutoka Himo mpaka Marangu na kurudi ukiwa mzima. Au unataka kuzunguka msitu wa Karura pale Nairobi na wanao. Sekunde moja haikuhusu.

Ndiyo maana nasema fremu kwanza. Fremu kwanza, msikilizaji.

Tuseme wewe ni mama wa miaka 45, urefu wako sentimita 155. Muuzaji anakupa 29 kwa sababu ndiyo iliyobaki. Simama juu yake, bomba la juu likiwa katikati ya miguu, nyayo zote mbili chini. Je, kuna nafasi kati ya bomba na mwili wako? Vidole vitatu vinne vilivyolala vipite. Kama havipiti, siku utakayosimama ghafla kwenye mteremko utaumia mahali pabaya. Kisha kaa, shika usukani. Je, mikono imenyooka mpaka viwiko vimekaza? Basi ni ndefu mno kwako, na mgongo utalalamika kabla hujafika kilomita ya tano. Geuza usukani wote upande mmoja huku pedeli ikiwa mbele: je, kidole cha mguu kinagusa tairi la mbele? Kwenye fremu ndogo zenye gurudumu kubwa hilo hutokea, nalo linaangusha watu kwenye kona za taratibu. Watengenezaji wenyewe wanalijua jambo hili. Trek, kwa mfano, kwenye baiskeli yao ya Marlin, fremu ndogo wamezitia 27.5 na za kati kwenda juu wamezitia 29. Hawakufanya hivyo kwa kuwadharau watu wafupi. Wamefanya hivyo ili baiskeli ikae vizuri.

Kwa hiyo, kama wewe ni mfupi wa sentimita 160 au chini ya hapo, ianze hesabu yako kwenye 27.5, na usikubali mtu akwambie umepewa cha watoto. Kama unazidi 170, 29 itakukaa bila taabu. Wa katikati, jaribu zote mbili, na uichague ile ambayo ukiwa juu yake unausahau usukani.

Nimewahi kusikia watu wakisema mwili utaizoea tu. Hapana. Kijana wa miaka kumi na nane huizoea. Mtu wa miaka arobaini na tano mwenye goti lililowahi kuvimba haizoei. Anaiegesha ukutani baada ya wiki tatu, na kutu inaanza kazi yake. Hilo ndilo ninalolihofia zaidi ya kosa lolote la namba.

Halafu gia. Hili halisemwi dukani, na linamgusa sana anayerudi. Gurudumu likiwa kubwa, kila mzunguko wa pedeli unakupeleka mbali zaidi. Ni vizuri kwenye tambarare. Mlimani maana yake ni kwamba gia ile ile inakuwa nzito zaidi. Kutoka 26 hadi 29, uzito huo unaongezeka kama sehemu moja ya kumi. Miguu uliyonayo leo siyo ile ya zamani, hata ukijiona uko imara. Kwa hiyo ukichagua 29, angalia gia nyepesi kabisa. Utashangaa kuona baiskeli nyingi mpya zina sahani moja tu ya meno mbele, siyo tatu kama zamani. Usiogope. Angalia nyuma: kama sahani kubwa kabisa ya nyuma ina meno zaidi ya yale ya mbele, kwa mfano 32 mbele na 50 nyuma, utapanda mlima umekaa kitini. Lakini kama mbele ni moja, yenye meno 36, na nyuma inaishia 34, utashuka na kusukuma. Hesabu meno. Hesabu kabla ya kulipa.

Sasa la pili, tairi. Hapa naomba mnivumilie, maana nina jambo ninalotaka lisikike vizuri.

Hii 26 ilitoka wapi? Je, kuna mtaalamu aliyekaa akapiga hesabu akaona ndiyo bora? Hakuna. Miaka ya 1970, kule Marin, California, vijana walikuwa wakishuka mlima Tamalpais kwa baiskeli nzito za zamani za Kimarekani, nyingi zikiwa Schwinn, zenye tairi nene za inchi 26. Walizitumia kwa sababu zilikuwa rahisi na zilipatikana. Mteremko wao mmoja waliuita Repack, kwa kuwa breki ya nyuma ilipata moto mpaka grisi ikaungua, na walipofika chini ilibidi ijazwe grisi mpya. Mbio za kwanza pale zilikuwa mwaka 1976. Baadaye Joe Breeze, Tom Ritchey, Gary Fisher na Charlie Kelly walipoanza kutengeneza na kuuza baiskeli za kazi hiyo, waliendelea na 26.

Lakini walijua kuna rimu kubwa zaidi. Mwingereza mmoja, Geoff Apps, alikuwa akitumia tairi za theluji kutoka Finland, za kampuni ya Nokia. Ndiyo, Nokia hiyo hiyo ya simu. Ilitengeneza tairi pia. Tairi hizo zilikuwa za rimu kubwa kuliko 26, naye aliwatumia wenzake wa California baadhi yake. Walizipenda. Kilichokosekana ni upatikanaji wa uhakika. Mzigo ulikuja kwa kusuasua, na huwezi kujenga baiskeli juu ya tairi ambalo hujui kama litakuja tena. Kwa hiyo rimu kubwa ikasubiri kwa miaka kama ishirini, mpaka tairi zake zilipoanza kutengenezwa kwa wingi.

Umeona? Hata waanzilishi, wenye ujuzi wote ule, walichagua gurudumu kwa kutazama tairi linalopatikana. Kama wao walifanya hivyo, kwa nini mimi na wewe tusifanye?

Basi kabla hujaenda duka la baiskeli, pita kwanza duka la vipuri, lile unalolifikia kwa miguu au kwa nauli ndogo. Uliza: mna tairi la 559? La 584? La 622 lililo nene? Na tyubu zake? Nenda pia kwa fundi wako chini ya mwembe, umsalimie, umuulize: fundi, ni saizi zipi unazozifanyia kazi kila wiki? Ukiwa mjini Nairobi, Dar es Salaam au Arusha, yaelekea utazipata zote. Ukiwa Lushoto, Mpanda au Kasulu, huenda ukakuta 26 na 28 zimejaa ukutani, na 29 mpaka iagizwe. Kuagiza si vibaya. Lakini basi nunua tairi la akiba na tyubu mbili siku ile ile ya baiskeli, uviweke ndani mbali na jua.

Na je, yule mwenye 26 yake ya zamani imelala stoo, au aliyeona ya mtumba kwa bei nzuri? Nasema kwa moyo mweupe: usiidharau. Baiskeli nzuri ya 26, fremu yake ikiwa haina ufa, inaweza kuwa bora kuliko 29 mpya ya bei rahisi yenye shokapu za mapambo. Ukaguzi wake si mgumu. Pitisha kidole kwenye ukuta wa rimu, pale breki inaposugua: kama umebonyea kama kijiko, rimu imekwisha. Zungusha gurudumu, utazame kama linayumba. Bana spoku mbili mbili, usikie kama kuna iliyolegea. Tazama tairi pembeni. Likiwa na nyufa za ukavu, hesabu bei ya matairi mawili mapya juu ya bei aliyokutajia. Shokapu ya mbele ikiwa haibonyei, au ikibonyea bila kurudi, ihesabu kuwa imekufa.

Jambo moja tu nakukataza: usinunue 26 ukidhani utaibadilisha iwe 29 baadaye. Gurudumu la 29 halitaingia kwenye uma wa 26, na hata la 27.5 likibanwa likaingia, breki za rimu hazitafika mahali pake na nafasi ya tope haitabaki. Mwenye kuijua miteremko ya udongo mwekundu ya Usambara wakati wa masika anaelewa maana ya tairi lisilo na nafasi ya tope: linasimama kama limefungwa kamba. Na kuna baiskeli zenye 29 mbele na 27.5 nyuma. Hizo ni za wanaoshuka kwa kasi kubwa. Kwako wewe zina maana ya kununua tairi za saizi mbili. Ziache.

Nimebakiwa na dakika chache, na sitaki kuondoka bila kugusa upepo, maana watu hubadilisha gurudumu zima kwa kosa la pampu. Zamani tulijaza mpaka tairi liwe gumu kama jiwe, fundi akabonyeza kwa dole gumba akaridhika. Tairi pana la leo halitaki hivyo. Kwa mtu wa kilo 70, kwenye tairi la inchi 2.2 lenye tyubu, anza na psi 30 hivi, kisha ongeza au punguza kidogo kidogo. Likiwa gumu mno linarukaruka, na unapoteza ule utulivu wote ulioulipia. Likilegea mno, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili sambamba. Tazama pia valvu: baiskeli nyingi mpya zina valvu nyembamba ambayo pampu ya fundi huenda isiishike. Kuna kipande kidogo cha kuunganishia, bei yake ni ndogo. Kitie mfukoni.

Na wale mnaoishi kwenye mbigili na miiba ya migunga, Dodoma, Longido, Kajiado, ulizeni kuhusu matairi yasiyo na tyubu, yenye maji ya kuziba ndani. Mwiba ukiingia, maji yanaziba tundu wakati unaendelea kwenda. Kwenye joto letu maji hayo hukauka baada ya miezi michache, kwa hiyo yaongezwe. Matairi hayo yanapatikana kwa saizi zote tatu nilizozitaja, ingawa rimu nayo lazima iwe ya aina hiyo.

Hapo ndipo muda wangu unaponikata. Juma lijalo, saa hii hii, tutazungumza kuhusu breki: zile za rimu na zile za sahani, na ipi inamfaa mtu anayeshuka Usambara mvua ikinyesha. Kama unayo namba ya tairi lako, ile ndogo ya mwisho, iandike mahali usipoisahau. Kwaherini, na barabarani muwe salama.